Binti wa Beseni la Vibua: Shajara ya Kuchora Mhusika wa Pwani ya Bagamoyo, kuanzia Rasimu hadi Rangi

Mhusika ni binti mchukuzi wa samaki. Anatoka kwenye mashua asubuhi, maji yamekupwa, anapanda kuelekea sokoni Bagamoyo akiwa na beseni la vibua kichwani. Amevaa doti moja ya kanga: kipande kimoja kiunoni, cha pili kichwani kikishukia mabegani. Kazi itatoka kwa namna mbili, bango la A3 la kutundikwa na picha ya kutazamwa kwenye simu.

Programu inayotumika ni Krita, ambayo hupatikana bure kwenye tovuti yake, pamoja na tableti ya kuchorea isiyo na skrini. Anayetumia Clip Studio Paint au Procreate atafuata njia hiyohiyo kwa jumla, ila menyu na baadhi ya zana zitatofautiana.

Picha hii inabebwa na vitu viwili: nuru ya asubuhi na ile kanga. Nuru inaamuliwa kabla ya rangi yoyote kuguswa, na kanga inachorwa ikiwa bapa kabla ya kuvishwa mtu. Mengine yote katika shajara hii yanafuata maamuzi hayo.

Jumatatu: kanvasi, vijichoro na nuru

Kanvasi imefunguliwa kwa pikseli 3579 kwa 5031, nukta 300 kwa inchi. Hiyo ni A3 ya milimita 297 kwa 420, ikiongezwa milimita 3 kila upande kwa ajili ya kisu cha mchapishaji. Ziada hiyo iwepo tangu mwanzo. Ikija kuongezwa mwishoni, anga na mchanga vinaishia mahali karatasi inapokatwa, na kosa dogo la kisu linaacha mstari mweupe pembeni mwa bango. Mistari ya kuongoza imewekwa pikseli 35 kutoka kila ukingo, na hakuna kitu cha maana kitakachokaa nje yake.

Rangi ni sRGB, mfumo wa kawaida wa rangi za skrini, ya biti 8. Kwa ukubwa huu, leya moja (tabaka moja la picha) iliyojaa inakula takriban megabaiti 72 za kumbukumbu. Kwa biti 16 ni mara mbili yake. Krita hugawa kila leya katika vigae vya pikseli 64 kwa 64 na haihifadhi vilivyo vitupu, kwa hiyo leya ya macho au ya kucha haina uzito wowote wa kutisha. Kompyuta ya gigabaiti 8 inamudu leya 40 hivi, mradi zisiwe zote zimejaa ukingo hadi ukingo. Hifadhi ya moja kwa moja imewekwa kila dakika 5, na kila hatua ina faili lake lenye namba. Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, faili lililokuwa wazi linaweza kuharibika lote, na hapo toleo lililotangulia ndilo linalookoa kazi.

Vijichoro, yaani rasimu ndogo za kujaribia umbo, vimechorwa kwa pikseli 500 kwa 707, weusi mtupu juu ya weupe, bila uso wala mkunjo wa nguo. Kinachopimwa ni kivuli cha umbo peke yake. Kipunguze hadi kilingane na ukucha wa kidole gumba. Kama bado unamwona mtu aliyebeba kitu kichwani, kinafaa. Kilichochaguliwa kina mkono mmoja ulioinuliwa kushika beseni, na kati ya mkono na sikio kumeachwa pembetatu ya mwanga. Pembetatu hiyo ilindwe hadi mwisho. Ikizibwa na ushungi, basi kichwa, mkono na beseni vinakuwa donge moja na kivuli cha umbo hakisomeki tena.

Kisha nuru. Bagamoyo bahari iko mashariki. Jua linachomoza majini, na anayepanda kutoka ufukweni lazima jua liwe kisogoni pake. Mchoraji anayempiga binti huyu mwanga wa asubuhi usoni amehamisha bahari. Tumeweka jua nyuma yake, upande wa kulia wa picha, digrii 15 juu ya upeo. Kwa pembe hiyo kivuli kina urefu wa mara 3.7 ya kimo cha mtu, na kinamjia mtazamaji. Kitaonekana mwanzo wake tu miguuni, halafu kitatoka nje ya karatasi.

Hapo linakuja swali: uso utaonekanaje kama jua liko nyuma? Majibu yako ufukweni penyewe. Upande wa bara kuna kuta za matumbawe zilizopakwa chokaa, na asubuhi kuta hizo zinapigwa na jua sawasawa. Zinarudisha nuru nyeupe yenye ujoto, na ndiyo inayomwangaza binti usoni. Nuru ya tatu ni ya anga, ya buluu, inayoshuka juu ya mabega na kila kitu kinachotazama juu. Tumeziandika pembeni ya kanvasi: jua, chokaa, anga. Kila eneo la picha litaulizwa linatazama ipi kati ya hizo tatu.

Jumanne: mkao na vipimo

Kimo ni sentimita 165, na kipimo cha picha ni pikseli 22 kwa kila sentimita. Mtu mzima ana pikseli 3630, kichwa kinaingia mara saba na nusu, yaani pikseli 484. Beseni la kipenyo cha sentimita 50 lina pikseli 1100 kwa upana. Kutoka nyayo hadi samaki wa juu kabisa ni kama pikseli 4050, hivyo inabaki nafasi ya kupumua juu na chini. Kuweka kipimo cha sentimita kunaonekana ni usumbufu kwa picha ya mtu mmoja, lakini bila hicho kanga haitakaa sawa, kama itakavyoonekana baadaye.

Mwenye mzigo kichwani haendi kama mwenye mikono mitupu. Shingo imenyooka, kidevu kiko sambamba na ardhi, na mstari wa uzito unatoka katikati ya beseni, unapita kwenye tundu la sikio na kushuka hadi katikati ya nyayo. Kiuno ndicho kinachocheza ili kichwa kitulie. Rasimu nyingi za wabeba mizigo zinaharibika hapa: mchoraji anainamisha kichwa kidogo ili uso upendeze, na papo hapo beseni linaonekana tupu au linaelekea kuanguka. Kama uzuri unatakiwa, utafutwe kwenye nyonga na kwenye hatua.

Kati ya kichwa na beseni kuna ngata. Inachorwa kama duara la kitambaa kilichosokotwa, unene wa sentimita 4, na beseni linaikandamiza kidogo upande wa nyuma. Ikisahaulika, beseni linaelea.

Kiunzi kimechorwa kwa brashi ya penseli kwenye leya moja, kisha leya ikafifishwa hadi asilimia 25 na mwili kamili ukachorwa juu yake, ukiwa hauna nguo. Kitufe cha M katika Krita kinageuza mwonekano kama kioo bila kugusa faili. Kibonyezwe mara kwa mara. Bega lililopanda au jicho lililoshuka halijifichi picha inapogeuzwa.

Kiuno tumekigeuza digrii 30 ili nyonga ya kulia ya picha ije mbele. Sababu yake ni kanga.

Jumatano: mistari

Kwa nukta 300, pikseli 12 ni milimita 1 kwenye karatasi. Mistari ya nje ya umbo ina pikseli 12 hadi 14, mikunjo ya nguo 7 au 8, uso na vidole 4 hadi 5. Chini ya pikseli 3 mstari unakonda mno ukichapwa, na kwenye simu karibu hauonekani.

Mstari mrefu wa mgongo au wa ukingo wa kanga uchorwe kwa mwendo wa bega, brashi ikiwa na kiimarishi, kile kinachotuliza mtikisiko wa mkono. Kiimarishi kikubwa mno kinafanya mistari yote ifanane, laini na isiyo na uhai, hivyo kimezimwa kwa uso na kwa vidole. Unene unaongezwa upande usiopata jua na mahali vitu viwili vinapogusana: chini ya beseni, kwapani, kanga inapobanwa na goti. Upande wa jua mstari unakonda, na penye mwanga mkali sana umekatika kabisa.

Mistari ya ngozi, ya nguo na ya beseni iko kwenye leya tatu tofauti. Baadaye kila moja itafungwa uwazi wake, ili rangi ishike penye mistari tu, na kupakwa rangi yake, hudhurungi nzito kwa ngozi, nyekundu nzito kwa kanga. Mistari myeusi mitupu juu ya ngozi nyeusi inaua kivuli chote kinachoizunguka.

Alhamisi: kanga bapa

Faili jipya. Kanga ya kweli ina kama sentimita 150 kwa 110, kwa hiyo kwa kipimo chetu ni pikseli 3300 kwa 2420. Pindo tumelipa sentimita 13, yaani pikseli 286 pande zote nne. Mji uko katikati, na sanduku la jina, yaani maneno ya kanga, liko chini ya mji, juu tu ya pindo la chini, urefu wake pikseli 132. Rangi ni tatu: nyekundu, nyeusi na nyeupe.

Mji umejazwa korosho. Kigae kimoja cha pikseli 264 kwa 264 kina korosho mbili zilizopishana, na kimechorwa katika hali ya kujirudia ya Krita, ile ya kitufe cha W, ambapo brashi ikitoka kulia inaingia kushoto. Hivyo hakuna mshono. Kila korosho ina upana wa sentimita 6. Kanga halisi huwa na kasoro ndogo za uchapaji, nyekundu kusogea kidogo nje ya mpaka wa nyeusi, na tumeiga jambo hilo kwa kusogeza leya ya nyekundu pikseli 2. Ni kitu kidogo sana, lakini kinaondoa ule usafi wa kompyuta ambao hakuna kitambaa kilicho nao.

Jina ni SUBIRA YAVUTA HERI, herufi kubwa, kwa mkono, si kwa fonti. Pembe za pindo zimechorwa kwa makini, maana pembe moja itaonekana.

Ijumaa na Jumamosi: kuivisha

Hapa ndipo penye kazi hasa.

Namna kanga inavyovaliwa ndiyo inayoamua kipi kionekane. Mvaaji anaipitisha nyuma, katikati ya kitambaa ikikaa mgongoni, kisha anavuta ncha zote mbili mbele na kuzipishanisha. Nyonga ikiwa na mzunguko wa sentimita 95, kitambaa cha sentimita 150 kinapishana kwa 55. Ukingo wa juu unaishia sentimita 27.5 kupita katikati ya mbele, yaani nyuma kidogo ya ubavu wa nyonga. Hivyo pindo la wima, lile la upande mfupi, linashuka pembeni mwa paja kutoka kiunoni hadi chini. Bila pindo hilo la wima, binti amevaa sketi ya kitambaa cha kanga. Ni kosa linaloonekana hata kwenye michoro ya watu wenye mkono mzuri sana.

Sasa digrii 30 za kiuno. Mtu akitazamwa mbele kabisa, pindo hilo linajikunja kuelekea ubavuni na kubaki na upana wa pikseli kama 60 tu. Nyonga ikigeuzwa digrii 30, linapata kama 180. Ndiyo maana mkao uliamuliwa na kitambaa.

Kwa upande wa urefu, kiuno cha binti kiko sentimita 102 kutoka chini, na kwa kazi ya kuingia majini kanga imepandishwa hadi sentimita 30 juu ya ardhi. Zinazoonekana ni sentimita 72. Zilizobaki, 38, zimekunjwa na kusokotwa kiunoni, na hapo pana kibindo. Kiuno kisichorwe chembamba chini ya mkunjo huo. Nguo yote ile lazima iwe na mahali ilipo. Pindo la juu limemezwa na mkunjo. Pindo la chini linaonekana lote.

Jina la kanga ya kiunoni liko nyuma, mahali pake, na kwa mtazamo huu halionekani. Tumeliacha lifichike. Kulileta mbele ili lisomeke ni kumvisha mtu kinyumenyume. Doti ina vipande viwili vyenye jina moja, na kipande cha kichwani kinapokuja begani, neno HERI linaangukia kifuani. Hilo linatosha.

Kupinda kitambaa kumefanywa kwa hatua mbili. Kwanza, kanga bapa imeletwa kama leya na kuwekewa kinyago cha kubadilisha umbo, kinachopinda mwonekano bila kugusa mchoro wenyewe, ili ile bapa ibaki salama chini yake. Wavu wa safu 8 umevutwa kufuata mzingo wa nyonga. Sheria yake ni ya mcheduara: korosho yenye pikseli 132 katikati inabaki na 66 ikifika digrii 60 kuelekea ukingoni. Korosho zikibaki na upana uleule hadi pembeni, mwili unakuwa ubao.

Pili, mikunjo. Kuna inayotawanyika kutoka kwenye fundo la kiunoni, na kuna ile ya mvuto, inayotoka kwenye goti lililo mbele kwenda nyonga ya upande wa pili. Baada ya wavu, kanga imekatwa vipande kwa kufuata mikunjo mikubwa, na kila kipande kimesogezwa pikseli 20 hadi 40. Matokeo yake korosho inaingia ndani ya mkunjo na kutokea upande wa pili ikiwa imepungua, au haitokei kabisa. Hiki ndicho kitu kinachowapita wengi: wanachora kivuli cha mkunjo juu ya maua yasiyokatika, na kanga inakaa kama stika. Kivuli pekee hakikunji kitambaa. Ni ule mruko wa maua ndio unaomwambia mtazamaji kwamba nguo imezama.

Neno HERI begani limepitia hali hiyohiyo. Limeandikwa zima, likapindwa, na mkunjo ukala sehemu ya R. Bado linasomeka.

Kinyago cha wavu ni kizito, kila mguso unachukua muda. Kikishakubaliwa, leya inanakiliwa na nakala ndiyo inayobapazwa (kuunganishwa na kinyago chake kuwa kitu kimoja) na kukatwa. Ya asili inafichwa tu, haifutwi.

Jumapili: weusi na weupe

Kazi fupi, lakini ikirukwa rangi zitagombana wiki nzima. Kwenye leya moja juu ya zote, picha imepangwa kwa viwango vitano vya kijivu: asilimia 10, 28, 45, 70 na 92 za mwanga. Anga na bahari ya asubuhi viko 70 na 92. Mashua za nyuma hazishuki chini ya 55. Binti ndiye mwenye 10 na 28, pamoja na nyuzi chache za 92 ukingoni mwake.

Nyeupe ya kanga ndiyo mtego. Iko kivulini, jua likiwa nyuma, kwa hiyo haiwezi kuwa na mwanga kuliko mchanga uliopigwa na jua. Imewekwa karibu na 55. Ukiitazama peke yake ni kijivu kabisa. Ukiiona katikati ya nyeusi na nyekundu, jicho linasema ni nyeupe.

Jumatatu: rangi bapa na ngozi

Maeneo yamejazwa kwa ndoo, uteuzi ukipanuliwa pikseli 3 ili rangi iingie chini ya mstari. Bila kupanua, unabaki uzi mweupe kati ya mstari na rangi, na kwenye chapa ya A3 unaonekana wazi. Mistari isiyofungana imezibwa kwa mkono kwanza.

Ngozi inastahili subira. Njia mbaya kuliko zote ni kuchukua hudhurungi na kuongeza nyeusi kwa kivuli, nyeupe kwa mwanga; inatoa majivu. Ngozi nyeusi inapokea rangi ya kila nuru inayoiangukia, na inang'aa zaidi ya ngozi nyeupe inavyong'aa, kwa sababu mng'ao wa juu unatofautiana sana na rangi ya chini. Rangi zetu za msingi, kwa misimbo inayoandikwa kwenye programu:

Rangi ya ngozi yenyewe #6B4430. Kivuli #3A2228, ambacho kimeelekea zambarau na hakikukolea sana. Mpaka kati ya mwanga na kivuli #7A3A26, na huu ndio wenye wekundu uliokolea kuliko sehemu zote, mstari wa upana wa pikseli 15 hadi 40 kulingana na mzingo wa kiungo. Mwanga wa jua ukingoni #E3A066.

Mng'ao wa anga kwenye paji la uso, juu ya pua na juu ya bega ni buluu iliyopauka, kwa leya iliyofifishwa hadi asilimia 35. Ukiwa mpana unaleta ubaridi wa mtu mgonjwa. Uwe mdogo na wenye ukingo mkali upande mmoja, laini upande mwingine. Upande wa mbele wa uso una chokaa: krimu hafifu kwenye mashavu, kidevu na chini ya nyusi, maana ukuta uko mbele na chini kidogo ya jua.

Viwiko na magoti ni vyeusi zaidi kidogo. Viganja na nyayo ni vyepesi na vyenye ujoto. Mdomo wa chini una rangi mbili. Weupe wa jicho uko kivulini, chini ya beseni tena, kwa hiyo ni kijivu chenye ujoto. Jicho likipakwa nyeupe tupu linamfanya mtu aonekane ameshtuka.

Jumanne: nuru tatu juu ya kanga

Kivuli cha kanga kimewekwa kwa leya ya kuzidisha, inayoitwa Multiply kwenye menyu, kwa rangi #7F86A6 na kubanwa ndani ya umbo la nguo. Hesabu yake ni rahisi na inafaa kuijua: thamani za rangi mbili zinazidishwa, kisha zinagawanywa kwa 255. Nyeupe ya kanga inakuwa #7F86A6 yenyewe, kijivu cha buluu. Nyekundu yetu, 176, 30, 38 (kiasi cha nyekundu, kijani na buluu), inashuka hadi 88, 16, 25. Nyeusi haibadiliki. Leya moja imeshughulikia rangi zote tatu za kanga bila kugusa korosho hata moja, na hii ndiyo faida ya kuitenga kanga bapa na kivuli chake.

Nyekundu hiyo ya 88 ni nzito mno mahali jua linapopenya. Kanga ni pamba nyepesi. Pale kitambaa kilipo tabaka moja na kiko mbali na mguu, upande wa nyuma wa hatua, jua linakipita na nyekundu inawaka kutoka ndani. Hapo kivuli kimefutwa kwa brashi laini na kuongezwa rangi ya chungwa kwa modi ya kuongeza, asilimia 30. Palipo na tabaka mbili, nuru inapungua ghafla, na mpaka huo ni mstari ulionyooka unaofuata ukingo wa kitambaa cha ndani. Kivuli cha mguu kinaonekana kupitia nguo, ukingo wake ukiwa laini juu na mkali pale kitambaa kinapogusa ngozi. Kibindo kina tabaka nyingi, hakipitishi kitu.

Mchanga uliolowa unarudisha anga, na pindo la chini linapokea buluu kutoka chini. Imepakwa kwenye nyeupe pekee. Kwenye nyeusi haionekani.

Mwanga wa ukingoni umewekwa mwisho, na kwa uchache. Usizunguke mwili mzima. Unapiga bega la kulia la picha, ukingo wa mkono, mdomo wa beseni na nje ya paja, na upana wake unabadilika: pikseli 25 penye bega, 6 penye kidole, sifuri kiwiko kinapoziba. Mstari wa mwanga wenye unene mmoja kuzunguka umbo zima unamfanya mtu aonekane amekatwa kwenye karatasi nyingine na kubandikwa.

Jumatano: beseni, vibua na nyuma

Beseni lilikuwa liwe buluu, lakini linasimama mbele ya bahari. Limekuwa kijani kilichopauka, plastiki ya kuchoka, na mdomo wake unapitisha jua kidogo kama kanga.

Kibua ana mgongo wa buluu-kijani na ubavu wa fedha. Fedha haina rangi yake. Inaonyesha kilicho karibu. Kila ubavu una buluu ya anga juu, utepe mweusi katikati, krimu ya chokaa chini, na kingo kati yao ni kali. Samaki wanane wamechorwa kikamilifu, wale wa ukingoni. Waliobaki ni migongo na mikia tu. Macho yao yasielekee upande mmoja.

Nyuma kuna mashua mbili zilizokaa mchangani. Mlingoti unainamia mbele, kuelekea omo; ukisimamishwa wima, mtu wa pwani atajua papo hapo. Tanga limekunjwa kwenye foromali. Mistari yao imepakwa buluu hafifu na hakuna undani wa mbao, ubao mmojammoja unaonekana kwa mbali tu kama mikanda.

Alhamisi: kutoa faili

Kwa simu, pikseli 1080 kwa 1350. Uwiano wake si wa A3, hivyo baada ya kuondoa ziada ya kisu inabaki 3508 kwa 4961, na kutoka humo zimekatwa pikseli 576 za urefu, nyingi kutoka angani. Mistari ya pikseli 12 inashuka hadi 3.7, ile ya 4 inakuwa 1.2, ndiyo maana kope na nyusi zimeongezwa unene kwenye nakala ya simu pekee. PNG, sRGB.

Kwa chapa, wasifu wa rangi, faili linaloeleza rangi ambazo mashine na karatasi yake vinaweza kutoa, uombwe kwa mchapishaji mwenyewe, kisha Ctrl+Y katika Krita inaonyesha rangi zitakavyokuwa kwenye karatasi. Ctrl+Shift+Y inatia alama zile ambazo wino hautazifikia. Zilizotiwa alama ni buluu ya bahari na chungwa la kanga palipopenya jua. Bahari imepunguzwa ukolevu na haijapoteza kitu. Chungwa halikupunguzwa, kilichofanywa ni kutia giza kidogo maeneo yanayolizunguka, na liking'aa kwa kulinganishwa nayo linatosha.

TIFF iliyobapazwa, pamoja na milimita 3 za ziada. Ikipelekwa kwa WhatsApp, itumwe kama dokumenti, maana ikitumwa kama picha inabanwa na kufika ikiwa ndogo. Kabla ya bango zima, kipande cha upana wa sentimita 10 kutoka usoni hadi kwenye pindo kimeombwa kichapwe kwenye karatasi ileile. Kinachokaguliwa ni kivuli cha ngozi #3A2228: kikiungana na nyeusi ya kanga begani, leya ya kivuli cha ngozi itapandishwa mwanga kwa asilimia 5 hadi 8 na kipande kichapwe tena.